Mgeni Anapomshambulia Mwenyeji

Je, wajua kwamba mgeni anaweza kumshambulia mwenyeji? Mgonjwa wa saratani ya damu huweza kupewa uboho wa mtu mwingine. Humo mna seli shina, yaani seli mama za damu yote. Lakini seli za ulinzi zinazokuja nazo zikiona mwili mpya ni adui, huushambulia: ngozi, ini na utumbo. Utumbo ukishikwa, mgonjwa huharisha sana, hata damu, na anaweza kufa.

Hatari hii hutegemea jeni. Jeni za HLA, katika kromosomu ya 6, ni kama kitambulisho. Tunarithi nusu kwa baba, nusu kwa mama. Kwa hivyo kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kufanana na mgonjwa.

Hata wakifanana, ziko jeni nyingine. NOD2 husaidia mwili kutambua bakteria wa utumboni. Mwaka wa 2004 watafiti wa Ujerumani walieleza kuwa kasoro zake huongeza hatari, ingawa si tafiti zote za baadaye zilizokubali.

Basi tusiseme ati mgonjwa karogwa. Ndugu wapimwe mapema. Damu nzito kuliko maji, lakini nayo hupimwa!