Dondoo muhimu: Kuokoa kingo za kijito cha mtaa

Kando ya vijito vinavyoingia Mto Msimbazi, Dar es Salaam, wengi hukimbilia zege. Maji huchimba chini yake, ukuta hulala, na kasi ya mkondo huhamia kwa jirani.

Anzeni na mchanga. Ukichotwa, sakafu ya kijito hushuka na kingo hukosa egemeo. Hapo hakuna mmea utakaosaidia. Uchimbaji ukome kwanza.

Ukingo uliosimama wima uchongwe ulale: kila mita 1 ya kimo ipate mita 2 za upana. Chini kabisa, maji yanapogonga, zikeni mawe makubwa hadi nusu. Juu yake tandikeni magunia ya katani au mkeka wa makumbi ya nazi, mbane kwa vigingi. Vitaoza, lakini mizizi ya mimea mtakayopanda itakuwa imeshika.

Kati ya mimea hiyo, nyasi ya vetiva ndiyo ninayoiamini zaidi. Ipandwe kwa mistari inayokata mteremko, shina hadi shina sentimita 10 hadi 15. Mizizi yake hushuka wima, hata mita 3. Chagueni aina isiyozaa mbegu hai, isisambae. Matete yakae karibu na maji. Pandeni vuli inapoanza, masika yakute mizizi tayari.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, kwa hiyo pitieni serikali ya mtaa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu kabla ya kushika jembe. Na mbuzi wafungwe mbali msimu wote wa kwanza.