Jinsi ya Kumtambua Kiwavi Mgeni wa Mahindi

Nabii Yoeli alipoomboleza kuharibika kwa mashamba, hakutaja wadudu kwa jumla tu. Aliwataja wa namna nne, kila mmoja kwa jina lake. Sisi nasi tukaao Kilwa na pwani ya Lindi yatupasa kufanya vivyo hivyo, maana viwavi walao mahindi si wa namna moja.

Kiwavi mgeni, aitwaye kiwavijeshi vamizi, asili yake ni Amerika. Mwaka 2016 alionekana Afrika ya Magharibi, na mwaka 2017 alikuwa amekwisha kufika Tanzania. Mzazi wake ni nondo arukaye usiku, naye aweza kwenda mbali sana. Hutaga mayai mia au mia mbili kwa fungu moja juu ya jani, akayafunika kwa manyoya mfano wa ukungu.

Mtazame kiwavi aliyekua. Alama ya kwanza: usoni pana mistari myeupe kama herufi Y iliyopinduliwa. Alama ya pili: karibu na mwisho wa mkia pana madoa manne meusi, yamepangwa mraba. Mtu asiridhike na alama moja, kwa kuwa kiwavijeshi wa zamani naye aweza kuwa na mstari hafifu usoni. Lakini huyo wa zamani huwa mweusi mgongoni, naye huenda kwa makundi makubwa. Funza wa bua hutoboa bua na kukaa ndani. Mgeni wetu hujificha katika moyo wa mhindi, akaacha majani yenye matundu na kinyesi kama unga wa mbao.

Basi, mahindi yakiisha kuota, kagueni shamba mara mbili kwa juma, asubuhi au jioni. Chagueni sehemu tano, na katika kila sehemu fungueni mioyo ya mimea kumi. Mayai yapondwe kwa vidole. Kiwavi akiwa mdogo, dawa humpata. Akiisha kukua ndani ya moyo, dawa haimfikii, na fedha zimepotea bure. Kabla ya kununua dawa, mpelekeeni afisa ugani kiwavi mmoja ndani ya chupa.

Nanyi walimu na wainjilisti, waonyesheni Wakristo na jirani zetu Waislamu alama hizi mbili. Shamba moja lisilotunzwa hulea nondo wa mashamba yote.