Bi Maryam alitamani mauti, hakukaripiwa

KILA Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, mitaa yetu husikia vigelegele vya nyumba za waliofaulu. Nyumba za walioanguka hazina sauti. Kijana ameingia chumbani, amefunga mlango, na chakula alichowekewa mchana kinakutwa jioni kama kilivyokuwa. Baba anasema mwacheni, ni hasira tu, zitaisha. Siku ya nne kijana anatamka kwamba amechoka na maisha, na hapo ndipo nyumba nzima inapomshukia: "Astaghfirullah! Muislamu gani anasema hivyo? Imani yako ndogo!"

Ndugu msomaji, tuitazame kauli hiyo ya "imani ndogo" kwa Qur'an yenyewe. Katika Surat Maryam, aya ya 23, Allah (SW) anatusimulia jinsi uchungu wa uzazi ulivyompeleka Bi Maryam (AS) kwenye shina la mtende. Yuko peke yake, mume hana, na anajua watu wake watampokeaje akirudi na mtoto mkononi. Hapo alitamka jambo ambalo binti yetu akilitamka leo tunamziba mdomo: alitamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile na kusahaulika kabisa. Huyu ndiye aliyeteuliwa juu ya wanawake wa walimwengu, kama tunavyosoma katika Aal Imran, aya ya 42. Nani atathubutu kusema kuwa imani yake ilikuwa ndogo?

Sasa angalia alivyojibiwa katika aya tatu zinazofuata. Alitulizwa kwanza, asihuzunike. Akaonyeshwa kijito cha maji chini yake. Akaambiwa atikise shina la mtende zimdondokee tende mbivu, ale, anywe, roho yake itulie. Kisha akaelekezwa kuwa akimwona mtu yeyote, afahamishe kwamba ameweka nadhiri ya kufunga na hatasema na mtu siku hiyo. Yaani maji, chakula, maneno ya kumpoza, na mwisho kuondolewa mzigo wa kujieleza mbele ya watu. Karipio halimo. Ninapoisomesha sura hii darasani huwataka wanafunzi walitafute karipio hilo wenyewe, na hawalipati.

Mtume wetu (SAW) naye alikataza mtu kutamani mauti kwa sababu ya dhara lililompata. Hadithi hiyo ya Anas (RA) imo katika Bukhari na Muslim. Lakini hakuishia kwenye katazo. Alimfundisha yule aliyezidiwa dua ya kuomba aachwe hai maadamu uhai ni kheri kwake, na afishwe pale mauti yatakapokuwa ni kheri kwake. Maana yake alijua kuwa waumini wapo watakaofika hapo. Na Bi Aisha (RA) alikuwa akiagiza wafiwa wapikiwe talbina, uji wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume (SAW) akisema kuwa unampoza mgonjwa na kumpunguzia huzuni.

Uharamu wa kujiua haupunguzwi na haya. Aya ya 29 ya Surat An-Nisaa iko palepale. Ila kijana aliyelelewa madrasa hukumu hiyo anaijua tangu utotoni, na mara nyingi ndiyo inayomfanya afiche maumivu yake hadi dakika ya mwisho.

Mama mmoja alinijia baada ya Alasiri akitaka nimwandikie mwanawe kombe. Kijana alikuwa kidato cha sita. Wiki tatu halali, haogi mpaka alazimishwe, na juzi yake alikuwa amegawa viatu na vitabu vyake kwa wenzake. Hilo la kugawa vitu ndilo lililonishtua. Nilimuuliza mbele ya mama yake: "Mwanangu, unafikiria kujiua?" Mama akaruka: "Ustadhi, usimtie maneno mdomoni!" Kijana akajibu, "Ndiyo, ustadhi," kisha akalia kama mtu aliyetuliwa gunia. Shirika la Afya Duniani linaeleza wazi kuwa kumuuliza mtu swali hili hakumtii wazo hilo kichwani. Wazo linakuwa limeshaingia, amekosa tu wa kumwambia.

Nilimsomea. Kisomo ni haki yake na ni Sunna. Magharibi ilipopita tukapanda gari kwenda hospitali, na daktari akasema ni sonona. Mjomba mtu alipinga sana. Alishikilia kuwa ni jini, na wiki ya pili akataka vidonge viachwe kwa kuwa "havifanyi kazi". Wengi wanakwama hapa. Dawa za sonona si kama za kutuliza maumivu. Huchukua wiki kadhaa kabla mgonjwa hajaona nafuu, na kuziacha ghafla bila daktari kuna madhara yake.

Kudhani kwamba hospitali ya akili ni mambo ya wazungu ni kutoijua historia yetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na ya nafsi, na humo akatenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomjia mtu bila sababu anayoijua. Bimaristani ya Sultani Qalawun ilifunguliwa Cairo mwaka 1284 ikiwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Ile ya Arghun kule Aleppo ni ya mwaka 1354. Sisi leo tunamfunga kijana kamba na kumchapa ili jini atoke! Anayefanya hivyo, hata akijiita sheikh, mwondoe mwanao mikononi mwake.

Sasa uende wapi? Mtoto akiwa shuleni, anza na mwalimu wa ushauri nasaha. Akiwa chuoni, kuna ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Kwa walio chini ya miaka 18 ipo namba 116, ni bure, na mzazi naye anaweza kuipiga. Kwa Dar es Salaam, hospitali za rufaa za Amana, Temeke na Mwananyamala ziko karibu, na Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Dodoma kuna Mirembe, na Unguja kuna Kidongo Chekundu. Maimamu nao wangefaa kuwa na namba ya daktari mmoja wanayemwamini, kama walivyo na namba ya mchimba kaburi.

Usiku wa kwanza kijana asilale peke yake. Vidonge vilivyobaki kabatini, sumu ya panya, dawa za wadudu, vyote vitolewe nyumbani bila mjadala. Majirani wanaokuja kuuliza amepata divisheni gani waambiwe amepumzika, basi. Na mkifika hospitali, usimwambie mtu wa mapokezi kuwa mtoto anaumwa kichwa kwa kuona haya, maana mtapewa Panadol na kurudishwa nyumbani. Mwambie: "Mwanangu anasema anataka kujiua, naomba daktari sasa hivi."