Oili Chafu na Ngozi Yako

Hapa Nyarugusu fundi wa pampu au pikipiki hushika oili chafu kutwa. Nyumbani nasi tunaipaka nguzo kuzuia mchwa, tena kwa mikono mitupu.

Wataalamu walinyoa panya mgongoni, wakawapaka oili chafu ya injini za petroli, mara kwa mara, kwa muda mrefu. Baadhi wakaota saratani ya ngozi. Sababu? Injini ikichoma petroli, masizi yenye sumu huingia kwenye oili. Mwaka 1984 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilithibitisha majaribio hayo.

Panya si mtu, kweli. Lakini mimi sitajaribu kwa mikono yangu! Nawa kwa sabuni, si kwa petroli. Kitambaa chenye oili usikitie mfukoni. Oili hupenya nguo, ikakaa mwilini siku nzima.