Dondoo muhimu: Unatoka Ikola kwenda kupanda ndege

Tiketi huonyesha muda wa angani tu. Wewe wa Ikola hesabu kuanzia mlangoni kwako.

Kati ya Mpanda, unakopandia ndege, na Dar es Salaam ni takriban kilomita 900 kwa mstari ulionyooka. Unaweza kukokotoa mwenyewe: Mpanda iko longitudo 31.1 mashariki, Dar 39.2, na latitudo zao zinakaribiana. Tofauti ya nyuzi 8.1 zidisha kwa kilomita 111. Kwa ndege ya mapangaboi iendayo kilomita 600 hivi kwa saa, hiyo ni saa moja na nusu. Ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Ikitua njiani kuchukua abiria, ongeza tena.

Kazi ngumu ni barabara ya Ikola–Mpanda, zaidi ya kilomita 100. Masika usiiamini hata kidogo: lala Mpanda usiku wa kuamkia safari. Gharama ya gesti ni ndogo kuliko ya tiketi iliyopotea.

Soma saa kwa makini. 07:00 kwenye tiketi ni saa moja asubuhi, 13:00 ni saa saba mchana. Wageni wanaovuka ziwa kutoka Kalemie wakumbushe kwamba saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Wasiporekebisha, watakuta ndege imeshaondoka.

Dagaa na migebuka uwapelekeao ndugu wawe wakavu kabisa, wafungwe vizuri na kupimwa kabla ya kufika kaunta.