Ruta "Iliyokufa" Mara Nyingi Haijafa

Muuzaji aliichomeka ile ruta kwenye umeme, akaitazama kidogo, akaichomoa. "Kaka, hii imeshakufa. Chukua mpya, nakufanyia bei nzuri." Hakuunganisha hata waya wa mtandao, wala hakuuliza imepatwa na nini. Nikamshukuru, nikairudisha kwenye begi.

Ruta yenyewe ni ya jirani yangu mwenye steshenari hapa Mwanza: TL-WR841N, ile nyeupe ya antena mbili iliyojaa kwenye ofisi ndogo. Alimwita fundi "amwongezee spidi". Fundi akaanza kusasisha programu dhibiti kwa Wi-Fi, katikati ya kazi umeme ukakatika, naye akaaga kwamba ana mteja mwingine. Umeme uliporudi, ruta ikawa inawasha taa, inazima, inawasha tena, basi. Dada wa watu kabaki na foleni ya wanafunzi wanaotaka kuprinti fomu, na fundi hapokei simu.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawakuambii ni hili. Programu dhibiti hukaa kwenye chipu ya kumbukumbu ndani ya kifaa; kwenye ruta hii, toleo la 9, chipu hiyo ina MB 4 tu. Sehemu ndogo ya mwanzo ni ya kipakiaji, U-Boot, ambacho huamka kwanza kisha huita programu iliyobaki. Usasishaji wa kawaida haukigusi. Kwa hiyo umeme ukikatika, kinachoharibika aghalabu ni hiyo programu iliyobaki, kipakiaji kiko salama, kinasubiri kupewa faili jingine.

Hatua sasa. Ya kwanza, geuza ruta usome kibandiko cha chini. Jina la modeli halitoshi. Tafuta neno "Ver". Toleo la 9 na la 13 yana maganda yanayofanana na vitu tofauti kabisa ndani, na faili la moja halifai kwa jingine. Faili lichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji, si kwenye kundi la WhatsApp la mafundi. Epuka lenye neno "boot" katika jina lake, kwa kuwa hilo limebeba na kipakiaji ndani.

Ya pili, libadilishe jina liwe wr841nv9_tp_recovery.bin. Laptop ipe anwani 192.168.0.66, kwa sababu huko ndiko kipakiaji cha toleo hili huenda kuomba faili. Washa programu ya TFTP (mimi natumia Tftpd64), zima Wi-Fi na ukuta wa usalama wa Windows. Kisha bonyeza kitufe cha WPS/RESET bila kukiachia, uwashe ruta.

Maelekezo mengi huishia hapo, nami hapo ndipo niliposota hadi usiku. Kila nikiwasha, kimya. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha laptop. Mwenye steshenari akaniuliza kwa upole, "Kaka, tununue tu?" Nikakataa, maana sasa ilishakuwa ugomvi kati yangu na yule muuzaji.

Kumbe tatizo liko kwenye tundu la mtandao la laptop. Ruta ikiwa imezimwa, Windows huona waya haupo. Ukiiwasha, Windows huchukua sekunde kadhaa kulirudisha tundu kazini, na kipakiaji hakina subira hiyo: huomba faili, kikikosa jibu hukata tamaa. Dawa yake ni swichi ndogo ya mtandao katikati. Waya mmoja kutoka laptop kwenda kwenye swichi, mwingine kutoka swichi kwenda ruta. Swichi haizimwi, kwa hiyo laptop inabaki hewani muda wote. Tuliazima ya kamera za ulinzi za duka la jirani, yenye matundu matano. Nikashika kitufe, nikawasha, na dirisha la Tftpd64 likaonyesha faili linaondoka. Nikamkataza kila mtu kugusa soketi. Taa ya Wi-Fi ilipowaka, wanafunzi walipiga makofi kana kwamba nimefunga goli.

Mengine unayajua: ukisasisha tena, hifadhi mipangilio, tumia waya badala ya Wi-Fi, na kama una UPS chomeka laptop na ruta humo.

Ila usiichukulie ruta iliyofufuka kuwa ruta salama. Mwaka 2018 kirusi cha VPNFilter kiliingia kwenye ruta na vifaa vya kuhifadhia data angalau 500,000 duniani, na kinga kuu ya vifaa hivi ni masasisho ya mtengenezaji. Kama modeli yako haijapata toleo jipya kwa miaka, hapo ndipo pesa ya ruta mpya ina sababu. Siku hiyo nunua, tena kwa muuzaji atakayekubali ulifungue boksi na kusoma "Ver" kabla hujalipa.