SOMO LETU: VITAMINI KWA MGONJWA WA SARATANI



Mgonjwa wa saratani akirudi hapa Ijuganyondo kutoka Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, hatukosi kwenda kumwona. Huyu huchukua ndizi, yule mayai, na wengine siku hizi huchukua kichupa cha vitamini kilichonunuliwa kwa bei kubwa, au chupa ya majani yaliyochemshwa. Nia ni njema. Lakini je, kila kimfaacho mwenye afya chamfaa pia aliye katika matibabu?

Tutazame jambo moja tu: vitamini ikiwa kidonge ni dawa, na dawa mbili zikikutana mwilini zaweza kusaidiana au kugombana. Kwa hiyo daktari anayetibu hana budi kujua kila kitu anachomeza mgonjwa.

1. Chakula na kidonge

Vitamini ni vitu ambavyo mwili huvihitaji kwa kiasi kidogo sana. Twavipata katika mchicha, maharage, dagaa, mayai, mapapai na maembe. Chakula hutupa kwa kipimo cha tumbo, lakini kidonge kimoja chaweza kubeba kiasi cha sahani nyingi.

Mwaka 1994 wataalamu wa Finland walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wanaume 29,133 wavutaji sigara. Waliomeza vidonge vya beta-karotini, kitu kile kile kinachoipa karoti rangi yake, walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiovimeza. Hii si sababu ya kuacha karoti. Ni sababu ya kutoamini kwamba kidonge ni chakula kilichopunguzwa ukubwa.

2. Mfano wa foliki

Akina mama wanavijua vidonge vya kuongeza damu vya kliniki. Ndani yake mna madini ya chuma na asidi ya foliki. Foliki ni vitamini inayoziwezesha seli, yaani chembe hai za mwili, kugawanyika na kuongezeka. Mama mjamzito aihitaji sana. Lakini saratani nayo ni seli zinazoongezeka bila mpango.

Katika miaka ya 1940, Dkt. Sidney Farber wa Boston, Marekani, aliona kwamba watoto wenye saratani ya damu waliopewa foliki walielekea kuzidiwa haraka. Akafikiri kinyume: je, tukiizuia foliki? Mwaka 1948 yeye na wenzake walieleza kwamba dawa ya kuizuia iliwapa baadhi ya watoto nafuu ya muda. Ndugu wa dawa hiyo ni methotreksati, inayotumika hata leo. Jirani zetu wa Uganda wanalikumbuka jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, aliyeandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya za watoto, ambao sasa huitwa kwa jina lake. Katika miaka ya 1960 baadhi ya watoto hao walitibiwa kwa methotreksati, na wako waliopona.

Basi tufikiri. Daktari anatoa dawa ya kuzinyima seli foliki, na jirani mwema analeta kidonge cha foliki. Mmoja anafunga mlango, mwingine anaufungua. Tena iko dawa nyingine ya saratani, fluorourasili, ambayo foliki huizidishia ukali: mdomo hutoka vidonda na tumbo huhara. Kidonge kile kile hupunguza nguvu za dawa hii na kuizidisha ile. Zaidi ya hayo, madaktari wenyewe wakati mwingine hutoa aina ya foliki kwa saa na kipimo wanachokijua. Kwa hiyo hatusemi foliki ni mbaya. Twasema mwenye kuipima ni daktari, si jirani.

3. Wakati wa mionzi

Mionzi huua seli za saratani kwa kuamsha ndani yake vitu vikali vinavyoziharibu. Vitamini E, C na nyinginezo hutuliza vitu hivyo, na wataalamu wanahofu kwamba zikizidi zaweza kuikinga hata saratani. Huko Kanada wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo waliokuwa wakitibiwa kwa mionzi waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa vidonge vya vitamini, la pili vidonge visivyo na dawa. Waliomeza vitamini walielekea kupata madhara makali ya mionzi machache kuliko wenzao. Lakini matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kuwa waliofariki kati yao walikuwa wengi kuliko wenzao. Nafuu ya leo si kipimo cha uponyaji.

4. Majani na mizizi

Wengine husema, "Hii ni ya asili, haidhuru." Tukumbuke kwamba vinkristini, dawa kali ya saratani, imetoka katika ua la kupandwa bustanini. Mmea ukiwa na nguvu ya kuponya una nguvu ya kudhuru. Sisplatini, inayotumika sana kwa saratani ya mlango wa kizazi, yaweza kuumiza figo. Tukiongeza mizizi tusiyoijua kipimo, twaziongezea figo mzigo. Vidonge vya vitunguu saumu na vitamini E kwa wingi vyaweza kuzidisha kutoka damu, hasa karibu na upasuaji. Hata balungi hugombana na baadhi ya vidonge.

5. Tufanye nini?

(a) Tumwandikie mgonjwa daftari la kila anachomeza: vidonge, unga, chai ya majani, na kipimo chake. Vichupa vyenyewe vitiwe mfukoni siku ya kwenda hospitali.

(b) Aliyekwisha kuanza kumeza asifiche kwa kuogopa kukemewa. Daktari asiyeambiwa hawezi kumkinga.

(c) Asiache kamwe dawa alizoandikiwa, zikiwamo za shinikizo la damu au za UKIMWI.

(d) Mwili ukipungukiwa kweli, daktari atapima damu na kutoa vitamini inayohitajika.

(e) Akipata homa, akitoka damu, au macho yakiwa manjano, apelekwe hospitali mara moja.

(f) Zawadi zetu ziwe mayai yatakayoiva vizuri, samaki, maharage, uji, ndizi laini kwa mwenye vidonda mdomoni, matunda yaliyooshwa vema, nauli ya kurudi Mwanza, au mtu wa kumsindikiza.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini vidonge vya kuongeza damu vyamfaa mjamzito lakini vyaweza kumdhuru mgonjwa wa saratani?
2. Jirani akikuletea dawa ya majani kwa upendo, utamjibuje bila kumvunja moyo?
3. Katika mtaa wetu, nani atamsaidia mgonjwa asiyejua kusoma kuliandika daftari lake?